Kiti cha Kisomamoyo

Fundi matanki Lameck Chilongani aliketi, akaweka kiganja chake juu ya kioo kama alivyoelekezwa na karani, na kisomamoyo kikaanza kazi.

Kwa macho kilikuwa kiti cha mninga, chenye mikono mipana na mto wa bluu, na mtu angeweza kudhani kimetoka sebuleni kwa askofu. Lakini kioo kilichokuwa chini ya kiganja kilihesabu mapigo ya moyo na kupima jasho. Jicho dogo lililopachikwa kwenye meza ya mbele lilitazama mboni za macho zinavyotanuka na kusinyaa. Kinasasauti kilisikiliza, si maneno, bali mtetemo wa koo kabla ya maneno. Yote hayo yaliingia katika akili mnemba iliyokuwa chini ya sakafu ya Mahakama Kuu ya Dodoma, na kabla mtu hajamaliza sentensi yake, vipimo vinne vilikuwa vimeshatoka: huruma, hofu, utii na kisasi. Kila kipimo kilianzia sifuri kikaishia mia.

"Mzee Chilongani," akauliza wakili wa serikali, Paskazia Bitegeko, "mtu akikukosea, kisha akaja kukuomba radhi, unachukua muda gani kumsamehe?"

"Ameniomba amesimama au amekaa?"

Watu wakacheka. Hata Jaji Mwanaidi Selembe aliinamisha uso.

"Tuseme amekaa."

"Nina jirani alisogeza ukuta wake shubiri moja ndani ya kiwanja changu. Alikuja, akakaa, akaomba. Nikampa na chai. Huu ni mwaka wa kumi na nne, na kila nikifungua dirisha nauona ule ukuta."

Nyuma ya wakili Bitegeko alikaa mwanamke mwembamba mwenye miwani ya takwimu. Katika kona ya kioo cha miwani yake ziliandikwa tarakimu za kijani: huruma 31, hofu 12, utii 40, kisasi 88. Aligusa meza mara mbili kwa kidole. Maana yake ilikuwa: huyu abaki.

Jina lake lilikuwa Daktari Tusekile Mwaipaja, na kazi yake iliitwa upimaji wa baraza. Tangu ipitishwe sheria ya Baraza la Raia, kesi za vifo ziliamuliwa na raia tisa waliopatikana kwa kura kutoka daftari la wakazi. Jaji alifafanua sheria na kutoa adhabu, lakini hatia ilikuwa mikononi mwa hao tisa. Waliitwa watu kumi na tisa, na kila upande uliruhusiwa kukataa watano bila kutoa sababu. Waliotunga sheria walileta kisomamoyo ili wenye chuki waondolewe. Hawakufikiri kwamba chombo kinachoweza kumtafuta mwenye chuki ili atoke kinaweza pia kumtafuta ili abaki.

Tusekile alikuwa bora kuliko wapimaji wote wa mji ule. Aliwafundisha mawakili kwamba usimuulize mtu kuhusu mshtakiwa, maana hapo atajibu kama anayehojiwa kanisani. Muulize kuhusu kuku aliyeibiwa, kuhusu mkwe, kuhusu ukuta. Anayesema "mimi ni mtu wa haki" kabla hajaulizwa ana hofu, mkatae. Anayetania huku mapigo ya moyo yakipanda ana jambo ambalo halijapoa. Huyo ukimpa mshtakiwa, atamshika kwa mikono miwili.

Kesi hii alikuwa ameiomba mwenyewe. Washtakiwa walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Gervas Mutayoba, mwenye Kampuni ya Umande, iliyojenga minara iliyokamua maji kutoka hewani na kuunywesha mji mzima. Kila mnara ulivikwa nyavu laini kutoka juu mpaka chini. Umande wa alfajiri ulinasa kwenye nyavu, ukatiririka mpaka kwenye matanki. Wa pili alikuwa Odilia Komba, msimamizi wa zamu katika Mnara wa Saba. Asubuhi moja ya upepo mkali king'ora cha mnara huo kililia, maana yake nyaya zilikuwa zimelemewa na watu wote washuke. King'ora kikilia, maji husimama kwa saa sita. Odilia alisema Mutayoba alimpigia simu akamwamuru akizime. Mutayoba alikubali kwamba alipiga simu, ila alisema alimwambia atumie busara yake. King'ora kilizimwa. Baada ya dakika ishirini na mbili mnara ulianguka na washona nyavu kumi na mmoja waliokuwa juu yake.

Mmoja wa wale kumi na mmoja aliitwa Subilaga Ndahani.

Subilaga alikuwa mdogo wake Tusekile. Mama yao mmoja, baba zao wawili, na daftari la serikali lilifuata jina la baba. Tena Subilaga alipoolewa alichukua jina la mume. Akili mnemba ya mahakama ilipotafuta kama mpimaji ana undugu na marehemu yeyote, haikukuta kitu. Kwenye fomu kulikuwa na swali hilohilo, kwa maandishi mazito. Tusekile aliandika: Hapana. Shemeji yake, mumewe Subilaga, aliijua siri hiyo, lakini alinyamaza, kwa sababu naye alikuwa amefiwa na mke.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla hajatoka nyumbani, Tusekile alipiga magoti kando ya kitanda kama alivyozoea tangu utotoni. Hakuomba amani. Alisema, "Bwana, usiniponye kwanza. Acha nimalize kazi hii, halafu uniponye." Akasema amina, akavaa miwani.

Alimtaka Mutayoba. Alimtaka pia Odilia, lakini kama mtu anavyotaka mkia wa ng'ombe aliyekwisha kununuliwa mzima.

*

Upande wa utetezi ulikuwa na mpimaji wake, Mzee Sufiani Kibwana, mtu wa Bagamoyo mwenye kofia iliyofumwa kwa mkono na sauti isiyo na haraka. Ndiye aliyemfundisha Tusekile kazi hii miaka ishirini nyuma. Alilipwa na Mutayoba. Odilia alikuwa na wakili wa msaada tu, asiye na mpimaji, na nafasi zote tano za kukataa zilishikwa na watu wa Mutayoba.

Jambo moja lilimshangaza Tusekile. Kila alipombakiza mtu mwenye moto, Kibwana hakumpinga. Alimnong'oneza tu wakili wa Mutayoba, na wakili akauliza kila raia swali lilelile moja.

"Mama Nyemo," aliulizwa mwanamke mnene aliyekuwa akiuza zabibu kavu sokoni, "umewahi kufiwa?"

"Nimezika mume na mtoto."

"Pole sana. Kati ya watu uliowatarajia msibani, nani hakuja?"

Kwenye miwani ya Tusekile kisasi kilipanda kutoka 71 mpaka 93.

"Dada wa mume wangu," akasema. "Nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alisema mguu unamuuma. Siku ya arobaini nikamkuta harusini anacheza. Mguu huohuo."

Kibwana akaitikia kwa kichwa taratibu: abaki.

Waliokataliwa na utetezi walikuwa watu watano waliojibu kwamba hawakumbuki, au kwamba wote walikuja. Tusekile naye aliwakataa watano wenye huruma kubwa, akiwemo mkunga mstaafu aliyesema huwaombea hata wezi. Wakabaki tisa. Wastani wa kisasi chao ulikuwa 84. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuona baraza la namna ile.

Wakati wa mapumziko alimkuta Kibwana kwenye ukumbi wa nje akinywa kahawa.

"Naona leo unapika kwa moto mkubwa, mwanangu," mzee akasema.

"Na wewe, Mwalimu, unanichochea kuni."

"Mimi ni mzee. Nasikia baridi tu."

"Mteja wako atasikia joto."

Kibwana alimtazama kwa muda, kama mtu anayetaka kuuliza jambo kisha akaona halina faida. "Ulikuwa mwanafunzi mzuri sana," akasema. "Tatizo lako uliondoka mapema. Kuna somo hatukumaliza." Akainua kikombe chake na kwenda zake.

Tusekile alidhani ni majigambo ya mzee anayeelekea kushindwa.

*

Kesi ilichukua siku sita. Wataalamu walionyesha nyaya zilizokatika. Karani wa simu alionyesha kwamba Mutayoba alizungumza na Odilia kwa sekunde thelathini na nane, muda mfupi kabla king'ora hakijazimwa. Tusekile aliwaangalia wale tisa, nyuso zao ngumu kama udongo wa kiangazi, na moyoni alimshukuru Mungu.

Siku ya nne wakili wa Mutayoba aliomba kuonyesha picha. Ukutani akatokea Mutayoba amebeba jeneza begani, suruali imejaa vumbi. Akatokea amekaa kwenye mkeka pamoja na wanaume, anakula ugali na mlenda kwa mkono. Akatokea amelala uani kwa wafiwa, amejifunika shuka la kuazima. Alikuwa ameenda kwenye misiba yote kumi na mmoja, na katika kila mmoja alilala.

Picha moja ilikuwa ya msiba wa Subilaga. Tusekile aliikumbuka siku ile. Yeye alikuwa ndani na wanawake, akimtazama Mutayoba kupitia dirishani anavyotafuna, akihesabu kila tonge. Alijiuliza kwa nini wakili anapoteza muda wa mahakama na mambo ya mlenda.

Kisha akasimamishwa Odilia Komba. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mabega mapana, mikono iliyokomaa kwa kazi. Hakukana kwamba alikizima king'ora. "Nilibonyeza," alisema. "Aliniambia, 'Zima hiyo kelele, watu wana kiu.' Nikabonyeza."

Wakili wa Mutayoba hakumuuliza lolote kuhusu nyaya.

"Bi Odilia, wale marehemu kumi na mmoja walikuwa chini yako?"

"Walikuwa wenzangu. Wengine kwa miaka tisa."

"Ulihudhuria misiba mingapi?"

"Nilikwenda mmoja."

"Mmoja kati ya kumi na mmoja. Ulikaa siku ngapi?"

"Sikukaa. Nilifukuzwa mlangoni. Baada ya hapo nikaogopa kwenda kwingine."

Mnong'ono ukapita katika viti vya wale tisa. Mama Nyemo alikunja mikono kifuani.

"Ulifukuzwa na nani?"

Odilia aliinua macho. Yalipita juu ya meza ya mawakili, yakafika kwa Tusekile, yakasimama. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Na mfiwa."

"Jina lake?"

"Mfiwa haulizwi jina."

"Kuna mtu yeyote aliyekuona hapo mlangoni, anayeweza kuja hapa akasema?"

Odilia aliendelea kuitazama mikono yake.

Tusekile alikuwa hatua tano kutoka pale. Alikumbuka yote. Ilikuwa siku ya pili ya msiba, saa nne asubuhi. Mwanamke wa mabega mapana alisimama kwenye lango la shemeji yake, amejifunga kanga nyeusi, mkononi ana mfuko wa unga. Watu wakanong'ona kwamba ndiye aliyezima king'ora. Tusekile alitoka ndani bila viatu. Alimwambia, "Mkono uliobonyeza hautagusa mkeka huu." Akauchukua ule mfuko, akaumwaga unga barabarani mbele ya miguu yake. Mwanamke aliutazama unga. Aligeuka, akaondoka na vumbi jeupe kwenye kandambili.

Angesimama sasa, maneno mawili yangetosha. Lakini angesimama, undugu wake ungejulikana, na baraza lingevunjwa siku hiyohiyo. Wale tisa wangerudi makwao. Hata kama baraza jingine lingeitwa, asingepata tena fundi Chilongani na ukuta wake, wala Mama Nyemo na wifi yake. Mutayoba alikuwa ameketi pale, amevaa shati jeupe, mkono wake juu ya meza, pete inang'aa. Tusekile aliitazama ile pete.

"Bwana," akaomba kimoyomoyo, "dakika hii ipite."

Ikapita.

*

Baraza lilijadiliana kwa saa tatu. Kwa sheria ya Baraza, kiongozi wa raia hutakiwa kusema uamuzi pamoja na sababu kwa maneno yake mwenyewe. Waliyemchagua kuwa kiongozi ni fundi Chilongani. Alisimama akiwa ameshika karatasi, lakini hakuisoma.

"Mheshimiwa Jaji, mshtakiwa wa pili, Odilia Komba, tumemwona ana hatia. Mshtakiwa wa kwanza, Gervas Mutayoba, tumemwona hana hatia."

Wakili Bitegeko alimgeukia Tusekile. Tusekile hakugeuka. Alikuwa anaangalia tarakimu kwenye miwani, kana kwamba zingeweza kubadilika.

"Sababu yetu ni hii," Chilongani akaendelea. "Kila mmoja wetu hapa amezika. Tunajua. Mtu mwenye damu mkononi hali tonge moja na wafiwa, koo lingekataa. Huyu bwana alikula, alilala chini, alibeba. Watu kumi na mmoja. Huyu mama hakuonekana. Anasema alifukuzwa. Tumeulizana sisi tisa, wenye makabila saba: ni nyumba gani ya Dodoma inamfukuza mtu aliyekuja kulia? Hakuna aliyewahi kuiona. Basi kama ameongopa hilo, ameongopa na habari ya simu."

Mama Nyemo aliyekuwa pembeni yake akaongeza, bila kuulizwa, "Mguu unamuuma."

Odilia alipewa miaka ishirini. Alipokuwa anatolewa hakumtazama mtu. Mutayoba alifuta macho kwa leso. Huenda yalikuwa machozi ya kweli.

Tusekile alimkuta Kibwana kwenye ngazi za mahakama. Mzee hakuonekana mwenye furaha.

"Ulijuaje?" Tusekile akamuuliza.

"Kisomamoyo kinapima ukubwa wa hasira. Hakipimi inakoelekea. Wewe ulijaza bwawa, mwanangu, ukalijaza sawasawa. Mimi nikachimba mfereji." Alipangusa kofia yake. "Mtu anayelea kisasi kwa miaka hamtafuti mkosaji. Anamtafuta yule wa kwake. Niliwauliza wa kwao ni nani, wote wakaniambia: yule ambaye hakuja. Na mteja wangu nilimwambia tangu siku ya kwanza ya msiba, nenda kote, na ulale."

"Yule mwanamke alisema kweli. Alikwenda."

"Inawezekana." Kibwana alimwangalia machoni, na safari hii Tusekile akafahamu kwamba mzee hakuhitaji kiti wala kioo. "Kazi yangu haikuwa kujua hilo. Ilikuwa ya mtu mwingine."

*

Kwa juma zima Tusekile alimchukia Kibwana. Juma la pili aliwachukia wale tisa. Alimwazia Mutayoba akiamka, akinywa maji ya minara yake, akipokea pole na pongezi kwa mkono mmoja, na usingizi haukumjia. Sheria ilikuwa wazi: aliyeachiwa na Baraza la Raia haguswi tena kwa kosa hilohilo, hata baraza lenyewe likibatilishwa baadaye; ni aliyetiwa hatiani tu anayesikilizwa upya. Mlango wa Mutayoba ulikuwa umefungwa, na ni yeye, kwa kidole chake alichogusia meza, aliyeufunga.

Juma la tatu alikwenda gereza la wanawake. Hakujua anataka kusema nini. Askari alimwonyesha benchi, na Odilia akaletwa, amevaa sare ya kijivu.

Odilia ndiye aliyeanza. "Pole na msiba, dada," alisema. "Siku ile sikupata nafasi ya kusema."

Tusekile alishika ukingo wa benchi.

"Ulinitambua? Pale mahakamani?"

"Siku ya kwanza. Una sauti yake. Subilaga alikuwa akinipigia redio kila asubuhi kutoka juu. 'Msimamizi, leo umande ni mtamu.' Miaka mitano. Wewe ulipomnong'oneza yule wakili, nikasikia mtu wa juu ya mnara."

"Na ulinyamaza."

"Ningesema nini? Nikusute mfiwa mbele ya watu?" Odilia alitikisa kichwa. "Ningekuwa mimi mfiwa, nisingeishia kwenye unga, ningekumwagia na maji ya moto. Usinitazame hivyo, nasema kweli."

"Ungenitaja, usingekuwa hapa."

"Labda. Sijui mambo ya mahakama. Mimi nilibonyeza, dada. Aliniambia nizime, ningeweza kukataa, sikukataa. Hilo nalibeba. Lakini kwamba sikwenda kulia," akasema, "hilo si langu. Hilo ndilo linanikosesha usingizi. Mama yangu yuko Songea, watu wanamwambia mwanao aliua watu na msibani hakwenda. La kwanza anavumilia. La pili amelia mpaka macho yamevimba."

Askari akasema muda umekwisha. Odilia alisimama, akakunjua mgongo.

"Nitatoka na miaka sabini na mmoja, nikijaliwa," alisema. "Uniombee."

Tusekile alirudi nyumbani akapiga magoti. Sasa aliomba kile alichokataa mwanzo: "Bwana, nitoe moto huu, nisafishe, kisha niende kwa Jaji nikaseme." Aliona haifai kwenda na moyo mchafu. Kukiri kwa mtu mwenye chuki, alifikiri, ni sadaka yenye kilema. Basi akangoja. Jumapili ya kwanza alifunga mpaka jioni. Moto ulikuwepo. Jumapili ya pili alishiriki meza ya Bwana, lakini njiani kurudi aliliona gari la Mutayoba, akalifuata kwa macho mpaka likapotea. Jumapili ya tatu, katikati ya wimbo wa kufungia ibada, alifunga kitabu chake. Alikuwa amehesabu. Kila juma analongoja moyo wake usafishike, Odilia analimaliza gerezani.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwa Jaji Mwanaidi Selembe.

*

Jaji alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mwenye sifa ya kutodanganyika.

"Unajua unachokiri, Daktari? Umesema uongo kwenye fomu ya mahakama. Hutapima tena baraza lolote maisha yako yote, na jela ni miaka miwili mpaka mitano."

"Najua, Mheshimiwa."

"Kama unadhani nitakurudishia Mutayoba ili ujaribu na watu wengine tisa, umekosea njia."

"Aliyeachiwa haguswi. Najua sheria."

"Basi unanisumbua akili. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na minane, na sijaona mtu wa kisasi akitupa silaha yake bure. Unaficha nini?" Jaji aligusa kengele, karani akaja. "Fungueni ukumbi namba mbili. Washeni kisomamoyo."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Madirisha yalikuwa wazi, na mbali ilionekana minara ya Umande, sita iliyosimama na nafasi moja. Tusekile alikaa kwenye kiti ambacho alikuwa amewakalisha mamia ya watu, na hakuwahi kujua kwamba kioo chake ni cha baridi kiasi kile. Jaji alivaa miwani ya takwimu.

"Gervas Mutayoba," Jaji akasema, "amepewa mkataba wa minara mingine minne. Umetangazwa jana. Unasikiaje?"

Tusekile hakuhitaji kuona tarakimu. Aliisikia damu shingoni.

"Kisasi tisini na sita," Jaji akasoma. Aliivua miwani, akaishika mkononi. "Nimekaa na wauaji hapa, hakuna aliyefika tisini na sita. Ulisema umeomba siku nyingi Mungu akuondolee."

"Nimeomba, Mheshimiwa."

"Hajakuondolea."

"Bado."

"Na yule mwanamke aliyebonyeza, umemsamehe?"

Tusekile alifikiri. Kiganja chake kilikuwa bado kwenye kioo, na uongo usingemsaidia hata kama angeutaka.

"Hapana," akasema. "Siku nyingine naamka nimesamehe, ikifika saa sita mchana nimekumbuka."

"Basi hukuja kwa sababu umesamehe, wala hukuja kumpata Mutayoba. Kazi umeipoteza. Jela inakungoja. Nieleze, nipate kuandika." Jaji Selembe alivuta karatasi karibu. "Kwa nini umekuja?"

"Kwa sababu yeye alikuja," Tusekile akasema. "Andika hivyo, Mheshimiwa. Odilia Komba alikuja msibani kwa Subilaga Ndahani, siku ya pili, saa nne asubuhi. Alivaa kanga nyeusi. Alileta unga. Mimi ndiye niliyemwona."

Jaji akaandika.